Sakafu Iliyoelekea Mlangoni

Tulipokuwa watoto, bano zetu, zile gololi za kioo, zilikuwa na tabia ya kutaka kutoka nje. Ukiiachilia moja sebuleni, pale karibu na mlango wa chumba cha wazazi, ilisitasita kidogo kama mtu anayetafuta viatu vyake, kisha ikaanza safari kuelekea mlango wa mbele, polepole, halafu kwa kasi, ikavuka veranda na kupotelea kwenye nyasi. Tulidhani ndivyo bano zilivyo kila mahali. Nyumba ile ya mtaa wa Waithaka ndiyo nyumba tuliyoijua, na mtu hajiulizi maswali kuhusu kitu anachokikanyaga kila siku.

Nilikuja kujua kwamba sakafu ile ilikuwa imeinama siku tuliyompeleka Mama kuitazama nyumba yake. Alikuwa amevunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji, na tangu atoke hospitali alikuwa akikaa nami katika fleti yangu mjini. Alitembea kwa fremu ya mabomba mepesi yenye magurudumu mawili mbele. Katika fleti, fremu ilimtii. Kule Waithaka iliingiwa na wazimu. Mama alitoka chumbani kwake, akaiweka mbele yake sebuleni, nayo ikaanza kumvuta. Aliegemea nyuma, ikavuta zaidi. Ndugu yangu mkubwa alimdaka kiunoni alipokuwa karibu kuanguka.

"Hii si fremu," Mama alisema akihema. "Hii ni mbuzi. Imeona nyasi."

Mimi nilicheka. Ndugu yangu hakucheka. Alimkalisha Mama kwenye kochi, akasimama katikati ya sebule, akasema kwamba basi, imetosha, nyumba itapangishwa, Mama atakaa mjini karibu na watoto na daktari.

"Na sakafu ikinyooshwa?" Mama aliuliza.

"Mama, tafadhali."

"Nimekuuliza swali. Sakafu ikinyooshwa?"

Ndugu yangu alichuchumaa mbele yake. Yeye ndiye aliyekuwa amemkuta Mama chini siku alipovunjika, na nadhani tangu siku hiyo hakuwa amelala vizuri. "Ukiweza kutoka kitandani mpaka nje kwa nyasi bila mtu kukushika, utakaa," alisema. "Usipoweza, unarudi town na tunafunga hii maneno."

"Sawa," Mama alisema. "Umesema, nimesikia."

Fleti yangu haikuwa na kosa lolote. Maji hayakukatika sana, lifti ilifanya kazi. Lakini Mama aliamka kila asubuhi akakaa dirishani kuyatazama matangi meusi ya maji juu ya mapaa ya watu, akaniuliza kama mparachichi wake umeanza kuangusha maua. Nilimwambia sijui. "Ningekuwa huko ningejua," alijibu, bila lawama, kama mtu anayetaja saa.

*

Fundi wa sakafu nilimpata mtaa wa Kitisuru. Kuna nyumba huko ambako sisi waandishi kadhaa hukutana Jumamosi kusomeana kurasa tulizoandika. Siku hiyo mwenyeji wetu alikuwa akibadilisha sakafu, kwa hiyo tulikaa bustanini. Niliingia ndani kutafuta maji ya kunywa, nikamkuta mwanamke mwenye ovaroli ya buluu amelala kifudifudi, shavu likiwa kwenye saruji, jicho moja amelifumba. Mbele yake palikuwa na rula ya alumini, ndefu kuliko yeye, imelazwa sakafuni. Upande wa pili wa rula mwanamume aliyechuchumaa alikuwa ameshika tochi. Mahali pote rula ilipogusa saruji palikuwa giza. Mahali pamoja tu mwanga ulipenya chini yake, mwembamba kama uzi.

"Hapo," mwanamke alisema. "Unaona inacheka?"

Mwanamume akaweka tochi chini, akachota mota ya saruji na mchanga kwa mwiko, akaziba lile tabasamu.

Sikurudi bustanini haraka. Nilisimama na glasi yangu tupu nikimtazama mtu akiutafuta uzi wa mwanga kwenye sakafu ambayo kesho ingefunikwa, isionekane tena na mtu yeyote. Nilivutiwa kama ninavyovutiwa na sentensi nzuri ya mtu mwingine: bila wivu, kwa njaa tu ya kutaka kuona inayofuata. Nikamwomba aje Waithaka.

"Nyumba ni kubwa?" aliuliza bila kuinuka.

"Ndogo sana."

"Na mwenyewe ni nani?"

"Mama yangu. Anatembea na fremu."

Hapo akaketi. Alijipangusa shavu, akaacha mstari wa vumbi. "Basi hiyo si ya kuremba," alisema. "Hiyo ni ya kutembea. Nakuja."

*

Mama hakukubali kazi ianze bila yeye kuwapo. Tulimpeleka, tukamweka kwenye kiti cha plastiki pale veranda, leso magotini, chupa ya chai kando yake. Fundi alifika na yule mwanamume wa tochi. Mama alimwangalia mwanamume kuanzia buti hadi kofia.

"Karibu fundi," alimwambia.

"Mimi ni wa mkono tu, Mama, wa kusaidia," mwanamume alijibu, akaelekeza kidole gumba. "Fundi ni huyu. Na ni bibi yangu wa ndoa, kwa hivyo hata nyumbani mimi bado ni wa mkono."

"Haiya!" Mama alisema.

"Anajitetea mapema," fundi alisema, akiinama kumsalimu Mama kwa mikono miwili. "Ngoja uone vile atakoroga mota, Mama. Utadhani anapikia mtoto uji."

"Uji wangu ulilea watoto watatu."

"Ulinilea mimi? Kuja ushike hii rula."

Walianza kwa kupima. Fundi aliilaza rula sakafuni, ikitazama mlango wa mbele, akaweka pima maji juu yake. Povu la hewa ndani ya kioo chake likakimbilia upande wa chumbani. Akasogeza rula, akapima tena. Povu likakimbia vilevile. Alifanya hivyo sebule nzima, uso wake ukizidi kukunjamana, kisha akatia kipande cha mbao chini ya rula upande wa mlangoni. Kilikuwa kinene. Akakichonga kwa kisu, akajaribu tena, akachonga, hadi povu likatulia katikati. Kile kipande akakitia kwenye mfuko wa ovaroli. Sikukitilia maanani.

"Kwani hii ilimwagwa na nani?" aliita. "Huyu jamaa alikuwa anakimbilia wapi? Nyumba yote imelala upande mmoja kama mlevi!"

Nilimtazama Mama. Aliyeimwaga sakafu ile alikuwa Baba, kabla mimi sijazaliwa. Mama alikunywa chai yake, akafunika kikombe kwa kiganja.

"Fundi," alisema. "Chukua karai. Jaza maji. Enda pale mlango wa chumba yangu, umwage."

"Mama, tutalowesha..."

"Mwaga."

Mume wa fundi alileta karai. Fundi akaliinamisha pale pale tulipokuwa tukiachilia bano zetu. Maji yalitandaa, yakapata upana wa sebule, yakaanza kwenda. Hayakukimbia. Yalitembea kwa pamoja, mstari wa mbele umenyooka kama pindo la pazia, yakapita mahali pa kochi, yakapita mahali pa meza, hayakuingia pembeni, hayakusimama popote. Yalitoka mlangoni, yakavuka veranda karibu na viatu vya Mama, yakadondoka kwenye nyasi. Nyuma yao sakafu nyekundu ilibaki imelowa na kung'aa, bila dimbwi hata moja.

Fundi alivua kofia yake. Sisemi kwa mfano, aliivua kweli. Akatembea taratibu kutoka chumbani hadi mlangoni akitazama chini.

"Huyu hakukosea," alisema. "Huyu alitaka hivi."

"Alitaka," Mama alisema.

"Alikuwa fundi wa wapi?"

"Hakuwa fundi. Alikuwa karani, alikuwa anakaa kwa ofisi huko town na tai. Hii ndiyo sakafu peke yake alimwaga maisha yake yote." Mama alifunua kikombe. "Wakati huo nilikuwa nimeumia mgongo. Siku ya kuosha nyumba nilikuwa nainama kuchota maji na kitambaa, nafinya kwa ndoo, nainama tena. Akaniona. Hakuniambia kitu. Tulipojenga hapa, fundi alimaliza kuta, yeye akasema sakafu ni yake. Alikuwa anapima na chupa ya soda, maji nusu, ameilaza kwa mbao. Jumamosi baada ya Jumamosi. Mimi nilikuwa namwambia, wewe mzee, watu wanatucheka. Akasema wacha wacheke. Siku alimaliza, alimwaga ndoo moja pale, akanipatia ufagio. Akaniambia, wewe tembea nyuma yake tu."

Nilikuwa nimeiosha sakafu ile mara nyingi nikiwa msichana. Jumamosi tulitoa viti nje, tukamwaga maji na sabuni kutoka chumbani, tukayafuata kwa ufagio huku tukiimba. Sikuwahi kuinama kuchota. Nilidhani maji pia, kama bano, yalikuwa na tabia hiyo.

Fundi alibaki amesimama mlangoni. "Na sasa tunakuja kuitoa," alisema.

"Wakati ule nilikuwa na shida ya mgongo," Mama alisema. "Sasa niko na shida ya mbuzi. Yeye mwenyewe angekuwa hapa, ungemkuta tayari ameshika nyundo."

*

Sakafu iliyopigwa polishi kwa miaka mingi haishikwi na kitu. Nta imeingia ndani ya saruji, na ukimwaga mota juu yake utakuwa umelaza shuka juu ya barafu. Ni lazima igongwe kwanza. Kwa hiyo waligonga, mke upande huu na mume upande ule, kwa patasi na nyundo, wakiitoboa ile nyekundu shimo kwa shimo hadi ikawa kama uso wa mahindi yaliyodonolewa na kuku. Vumbi jekundu liliwakaa kwenye nyusi. Mama aliendelea kukaa veranda. Niliogopa mlio ule ungemuumiza, lakini alikuwa akiusikiliza kama anavyosikiliza mahubiri marefu, kichwa kimeinama, akikubaliana na baadhi.

Shida ilikuwa mlangoni. Baba alikuwa ameiinamisha sakafu huko, na mahali palipo chini ndipo panapohitaji kujazwa. Ukijaza hadi usawa wa chumbani, mlango wa chuma unaofungukia ndani hauwezi tena kusogea, na ukiukata, nje panazaliwa ngazi. Fremu ya Mama ingevuka sebule vizuri, kisha ikafika kwenye ngazi hiyo na kukwama, au kumtupa. Mama angekuwa huru hadi mlangoni tu. Ndugu yangu alikuwa amesema mpaka nje kwa nyasi.

"Weka simenti kidogo hapo nje, iwe kama kilima," mume wa fundi alisema.

"Kilima ya kumwangusha?"

"Basi kidogo kabisa."

"Kidogo kabisa ni ngazi imevaa koti," fundi alijibu.

Alitoka, akakaa kwenye ukingo wa veranda, miguu kwenye nyasi, akanywa chai ya Mama. Mumewe alinikonyeza. "Sasa usimsemeshe," aliniambia kwa sauti ya chini. "Hapo ndipo huwa namwogopa na kumpenda."

Nimewahi kukaa hivyo mbele ya ukurasa, lakini sidhani kama nimewahi kukaa hivyo vizuri. Hakuwa akihangaika. Alitazama mlango, akatazama veranda, akatazama nyasi. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa kile kipande cha mbao.

"Mama," alisema. "Mteremko wa mzee niko nao hapa."

Mama alinyoosha shingo.

"Hiki kipande, ukiweka chini ya rula yangu, ndio slopu yake. Sawasawa. Nilichonga kabla sijagonga, sijui hata ni kwa nini. Nilikuwa nimemtukana, lakini mkono ulikuwa umemheshimu." Akasimama. "Huko chumbani nitagonga niteremshe sakafu. Huku mlangoni nitajaza. Tukutane katikati. Hivyo mlango utapanda nusu tu. Halafu hiyo nusu niishushe na veranda yote, kutoka mlangoni mpaka kwa nyasi, na slopu ya mzee. Si kilima. Utatembea kama vile umekuwa ukitembea kwa nyumba yako miaka yote."

"Na mbuzi?"

"Nje sitaweka vigae kama ndani. Nitamwaga nyekundu, nipitishe ufagio ikiwa bado mbichi, iwe na meno. Gurudumu itang'atwa. Na huyu wa mkono ataweka bomba ya kushikilia, ukitaka."

"Sasa nimekuwa welda," mumewe alisema.

Mama alikunja leso yake, akaikunjua. "Kwa hivyo hutoi," alisema hatimaye.

"Sitoi, Mama. Nahamisha. Nampeleka nje akapunge hewa."

Mama alicheka hadi akashika nyonga yake, akatuambia tumwache, haumwi, anacheka tu.

*

Saruji tulinunua Dagoretti Corner, na mchanga ukaja kwa pikapu. Nilichukua likizo kutoka kazini nikawa nakwenda kutazama. Watu huja kuona vigae vikilazwa, kwa sababu vigae vina rangi. Kazi yenyewe huwa imekwisha kabla ya hapo. Niliwaona wakiosha vumbi lote, wakiipaka ile sakafu iliyotobolewa uji wa saruji ili mota ipate kushika. Nikamwona fundi akikamata konzi ya mota na kuifinya, akiutazama mkono: ikimeguka ni kavu mno, ikiacha maji ni uji, na mume ataambiwa. Walichukua mpira mrefu mwembamba kama bomba, wenye maji ndani, yeye akashika ncha moja ukutani chumbani, mumewe ncha nyingine ukutani mlangoni, wakangoja maji yatulie. Hakuna chombo kilichonistaajabisha zaidi. Watu wawili wasioonana, kila mmoja na ncha yake, wakipiga kelele.

"Imetulia?"

"Bado!"

"Sasa?"

"Imetulia!"

"Piga alama!"

Na alama zile mbili zilikuwa usawa mmoja, kwa sababu maji hayajui kusema uongo hata yakiwa katika vyumba viwili. Kutoka kwenye alama hizo waliteremka kwa kipimo kimoja, wakaweka vidonge vya mota sakafuni, wakavilinganisha, wakajaza kati yake na kuvuta rula juu, nyuma na mbele, huku fundi akirudi kinyumenyume kwa magoti. Walipomaliza, alilala kifudifudi. Tochi ikawashwa. Alitafuta pembe zote. Mahali pamoja tu palikuwa panacheka, naye akapanyamazisha.

Kisha wakaifunika kwa magunia yaliyolowa, wakaiacha ikomae, na Mama akampigia fundi simu kila asubuhi kutoka dirisha la fleti yangu kuuliza kama sakafu imekunywa maji.

Vigae vilikuja baadaye, vya kijivu, visivyoteleza. Vililala kwa upole, kila kimoja kikigongwa na kusikilizwa. Veranda ilimwagwa mwisho. Fundi aliweka kipande cha mbao chini ya rula hapa, akakiweka pale, akaangalia povu, akafuata. Rangi nyekundu ilitoka nyangavu kuliko ile ya zamani, ikapitishiwa ufagio, ikapata mistari midogo kama ya shamba jipya.

*

Siku ya kujaribu, ndugu yangu alikuja na Mama kwenye gari lake. Begi la nguo za Mama aliliacha kwenye buti la gari. Nilielewa kwamba alikuwa amejiandaa kurudi nalo. Fundi na mumewe walikuwa wamekuja pia, wamevaa nguo za kanisani.

Mama aliketi kwenye kitanda chake. Hakuna aliyemgusa. Akainuka, akashika fremu, akatoka chumbani. Ndugu yangu alitembea kando yake, mikono imenyooka hewani kama mtu anayemchunga mtoto anayejifunza kutembea.

"Shusha hiyo mikono," Mama alisema. "Unanitia baridi."

Alifika katikati ya sebule, mahali hasa ambapo mbuzi alikuwa amemvuta. Akasimama. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimelegea, au alisema kimelegea. Akaiachilia fremu. Akainua mikono yote miwili, akakifungua kitambaa, akakikunjua, akakifunga upya polepole, akatia fundo nyuma. Ndugu yangu alipiga hatua moja mbele. Fremu ilisimama mbele ya Mama juu ya vigae, magurudumu yake mawili yametulia kabisa, kama mbuzi aliyeshiba.

Mama akaishika tena, akaenda. Alivuka mlango. Kwenye veranda sakafu ilianza kuinama, nami nikaona miguu yake ikiitambua, mwendo wake ukibadilika kidogo, ukiwa ule wa zamani. Magurudumu yaling'atwa, yakashuka yakinong'ona. Hakushika bomba. Alifika kwenye nyasi, akasimama, akainua uso kuutazama mparachichi wake.

"Umeangusha maua," alisema. "Hata matunda yameshaanza. Hakuna mtu aliona?"

Kisha akageuka kumtazama fundi. "Na siku nikiosha?"

"Ndani utayasukuma, Mama. Na ule mpira wa kufutia wenye mpini mrefu, wewe umesimama tu. Hayatakwenda yenyewe tena."

"Nitayasukuma mpaka mlangoni," Mama alisema. "Kutoka hapo yanajua njia."

Fundi alitoa kile kipande cha mbao, akampa kwa mikono miwili. Mama alikigeuzageuza, akakiweka kwenye mfuko wa sweta yake.

Ndugu yangu alikuwa ameenda kwenye gari. Nilisikia buti likifunguka, kisha likifungwa. Alirudi amelibeba begi kifuani, macho yake mekundu kama mtu aliyekuwa kwenye vumbi la patasi, akapanda veranda, akaelekea chumbani.

"Wewe," Mama alimwita kutoka kwenye nyasi. "Hiyo ni nyumba ya mtu. Vua viatu."